Tuambieni jumla kabla hatujabonyeza: barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya kadi za mkopo

Kwa wakuu wa benki zinazotoa kadi za mkopo, kwa wanaoendesha mitandao ya malipo, na kwa wadhibiti wa fedha mnaowasimamia wote hao.

Waheshimiwa,

Mezani kwangu kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni risiti ya hoteli niliyofikia nikiwa safarini ng'ambo. Ya pili ni taarifa ya mwezi ya kadi yangu ya mkopo, iliyonikuta nimesharudi nyumbani. Risiti inasema nimelipa kwa sarafu ya nchini kwangu. Taarifa inasema malipo hayo hayo yametozwa ada ya muamala wa nje, yaani ada ambayo benki huweka juu ya malipo inayoyahesabu kuwa yamefanyika nje ya nchi. Nimezisoma mara nyingi nikitafuta nilipokosea, maana mtu akikatwa fedha asizozitarajia hujilaumu kwanza yeye mwenyewe.

Nilipopiga simu benki, kijana aliyenipokea alikuwa na adabu na subira. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu: "Ipo kwenye vigezo na masharti, na ulisaini." Usiku ule niliutoa mkataba kabatini nikausoma tangu ukurasa wa kwanza. Kijana hakunidanganya. Ada ipo, imeandikwa, ndani ya aya ndefu ambayo hata leo nikiisoma nalazimika kurudi mwanzo mara mbili. Hilo ndilo lililonifanya niwaandikie ninyi badala ya kumlalamikia yeye. Pengine kila mmoja wenu ametimiza wajibu wake wa kutoa taarifa kama ulivyoandikwa. Bado, tangu siku niliyoomba kadi hadi nilipoweka namba ya siri pale kaunta, haikupita hata dakika moja ambayo mtu au mashine iliniambia: ukikubali hapa, jumla utakayolipa ni hii.

Ombi langu lote limo humo.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na jambo hili, nieleze lilivyo. Ukilipa kwa kadi ukiwa ng'ambo, mashine mara nyingi hukuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya pale au kwa sarafu ya kwenu. Msafiri amechoka, mizigo iko miguuni, nyuma yake kuna foleni. Anaona kiasi kwa sarafu anayoielewa, moyo unatulia, anachagua ya kwao. Kumbe kwa kuchagua hivyo amemruhusu mwenye mashine, au kampuni inayoihudumia, abadilishe fedha kwa kiwango alichojipangia, chenye faida yake ndani. Angechagua sarafu ya pale, ubadilishaji ungefanywa na mtandao wa kadi, Visa au Mastercard kwa mfano, kwa kiwango ambacho mitandao hiyo huchapisha na ambacho kwa kawaida hakiko mbali na bei ya soko. Juu yake benki yake ingeongeza ada ya muamala wa nje, ambayo kwa kadi nyingi ni kati ya asilimia 1 na 3, na kwa kadi nyingine haipo kabisa.

Tuseme ununuzi wako, ukiupiga kwa kiwango cha soko, una thamani ya 100. Ukilipa kwa sarafu ya pale na benki yako inatoza asilimia 3, utakatwa 103. Ukiiruhusu mashine ikubadilishie kwa nyongeza ya asilimia 5, utaona 105 na utaikubali hiyo 105. Lakini ziko benki zinazohesabu muamala kuwa wa nje kwa sababu tu mfanyabiashara yuko nje, hata kama sarafu iliyotumika ni ya kwenu, nazo huweka asilimia 3 zao juu ya ile 105. Jumla inafika 108.15. Hivyo ndivyo ilivyonitokea. Nililipa gharama ya kubadilishiwa fedha na ada ya nje kwa wakati mmoja, na risiti niliyopewa ilionyesha moja tu kati ya hizo.

Tena uamuzi wenyewe haukuwa wangu. Mhudumu alibonyeza kitufe cha sarafu ya kwetu, akanigeuzia mashine niweke namba ya siri. Simlaumu, huenda alidhani ananirahisishia. Ninyi wa mitandao mnajua kwamba kanuni zenu wenyewe zinataka mwenye kadi ndiye achague. Kanuni hiyo haina nguvu kama mwenye kadi hajui kwamba kuna kitu cha kuchagua.

Msije mkaniambia haiwezekani. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2019/518, na tangu Aprili 2020 anayebadilisha fedha kwenye mashine ya kadi au ATM ndani ya umoja huo anatakiwa amwonyeshe mteja, kabla hajalipa, nyongeza ya ubadilishaji kama asilimia juu ya kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Mteja anaiona asilimia ile, anaweza kuilinganisha. Sisemi kanuni hiyo imemaliza kila kitu. Ninachosema ni kwamba mashine ile ile inayonificha mimi huku, kule imeweza kusema.

Neno "ng'ambo" nalo linahitaji kuelezwa na ninyi, kwa sababu wateja wengi tunalielewa vingine. Sisi tunadhani ni pale miguu yetu inapokanyaga. Kwenye hesabu zenu ni pale alipo mfanyabiashara. Mtu anakaa sebuleni kwake, ananunua programu au kulipia masomo kwenye tovuti inayoonyesha bei kwa sarafu ya kwao, na mwisho wa mwezi anakuta ada ya muamala wa nje kwa sababu muuzaji amesajiliwa nchi nyingine. Hakuna kivuko alichovuka. Tovuti haikumwambia, benki haikumwambia, na hata angetaka kujua, angejuaje muuzaji amesajiliwa wapi? Benki yake ina uwezo wa kulitambua hilo wakati wa kuidhinisha malipo, kwa sababu nchi ya mfanyabiashara huja pamoja na ombi la malipo. Ujumbe mfupi kwenye simu ungetosha.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni balaa kubwa zaidi, hasa ukiwa safarini. Wengi tunaona ATM ni ATM. Ila kwa kadi ya mkopo unachotoa si akiba yako, ni mkopo wa taslimu, na mkopo huo una masharti yake. Kuna ada ya kutoa, mara nyingi asilimia kadhaa ya kiasi chenyewe au kiwango fulani cha chini, chochote kilicho kikubwa. Kuna ada ya mwenye ATM. Kuna ada ya muamala wa nje. Na riba, ambayo mara nyingi ni ya juu kuliko ya manunuzi, huanza siku ile ile, bila zile siku za kusubiri ambazo mteja amezizoea anaponunua vitu. Ziko benki zinazohesabu hata kununua fedha za kigeni kwa kadi kuwa ni kutoa taslimu. Mteja anayejua hayo atabeba kadi ya kawaida ya akaunti yake kwa ajili ya ATM na kuiacha ya mkopo kwa hoteli na tiketi. Asiyejua atajifunza kwa kulipa.

Na hoteli zenyewe, pamoja na wakodishaji wa magari, hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kabla ya huduma, kama kinga. Kiasi hicho hakijakatwa, lakini kinapunguza nafasi iliyobaki kwenye kikomo chako cha mkopo, na kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Ukirudishiwa fedha za ununuzi uliofutwa, hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurudishwa, kwa hiyo unaweza kupokea pungufu ya ulichotoa. Haya nayataja kwa haraka, ila kwa aliyekataliwa kadi akiwa ugenini kwa sababu kikomo kimeliwa na hoteli ya juzi, si madogo.

Sasa niache safari niseme juu ya riba, kwa sababu kila ada ya ng'ambo isiyolipwa huishia humo.

Mnapotangaza kadi mnatuahidi siku zisizo na riba, hamsini na kitu katika baadhi ya matangazo. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa mtu anayelipa deni lote la taarifa ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho. Kinachotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba ukibakiza hata kidogo, ahadi yote inaweza kuondoka. Mtu anadaiwa 1,000, analipa 990, anaamini riba itakuwa ya ile 10 iliyobaki. Katika mikataba mingi ya namna hiyo riba ilikuwa ikihesabiwa juu ya 1,000 yote tangu siku ya kila ununuzi, na manunuzi mapya nayo yanaanza kutozwa siku hiyo hiyo yanapofanyika. Marekani ilizuia kutoza riba sehemu iliyokwisha kulipwa kwa wakati, kwa sheria yake ya kadi ya mwaka 2009. Australia nayo ikapiga marufuku riba ya kurudi nyuma kuanzia 2019. Nawauliza wadhibiti ambao kwenu bado inaruhusiwa: mnangoja nini? Sioni hoja yoyote ya haki inayoweza kutetea kumtoza mtu riba ya fedha alizokwisha kuzirudisha.

Halafu kile kiwango cha chini cha malipo, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho taarifa ya mwezi inamtaka mteja alipe. Hapa naomba mnivumilie na hesabu, kwa sababu mimi mwenyewe niliifanya kwa kalamu mara tatu kabla sijaiamini.

Chukueni deni la 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi, na kiwango cha chini cha asilimia 3 ya deni. Mteja hanunui tena kitu chochote kwa kadi hiyo. Mwezi wa kwanza analipa kama 30, na katika hiyo 30, ishirini ni riba. Deni linapungua kwa 10 tu. Mwezi unaofuata deni ni dogo kidogo, kwa hiyo na kiwango cha chini kinapungua kidogo, na mteja anashukuru kwamba mzigo umekuwa mwepesi. Akiendelea hivyo, bila kuchelewa hata mwezi mmoja, baada ya miaka 5 kamili bado anadaiwa zaidi ya 500. Mteja mwingine mwenye deni lile lile anaamua kubaki na 30 ile ya mwezi wa kwanza, haishushi hata kama taarifa inamruhusu kulipa pungufu. Huyu anamaliza deni lote mwezi wa 56, kabla ya miaka 5 kwisha.

Tofauti kati ya hao wawili haikutokana na mshahara wala nidhamu. Wote walianza kwa kulipa kiasi kile kile. Mmoja alifuata namba mliyomwandikia kwenye taarifa, mwingine akaipuuza. Kama namba mliyoiweka mahali panapoonekana kuliko pote inamfikisha mtu pabaya kuliko kuipuuza, basi pahali pale palistahili namba nyingine. Sheria ile ya Marekani ya 2009 inaamuru taarifa ionyeshe itachukua muda gani kumaliza deni kwa kulipa kiwango cha chini, na ni kiasi gani cha kulipa kila mwezi ili deni liishe ndani ya miaka 3. Uingereza ilienda mbali zaidi mwaka 2018: mteja akikaa miezi 18 huku akilipa riba na ada nyingi kuliko anavyopunguza deni lenyewe, benki inatakiwa imtafute na kumhimiza aongeze malipo yake, kabla hajazama. Nilipolisoma hilo nilifikiria watu ninaowafahamu ambao wangepigiwa simu hiyo. Ni wengi.

Nageukia kustahili kupata kadi, kwa sababu dada yangu alinituma niliseme hili.

Yeye anajiajiri. Kipato chake ni kizuri lakini hakiji tarehe moja kila mwezi. Aliomba kadi, akajibiwa kwa ujumbe wa mistari miwili kwamba ombi halikufanikiwa. Hakuelezwa kama tatizo ni kipato, ni muda aliokaa na akaunti, ni deni la zamani, au ni kosa katika kumbukumbu zake. Akajaribu benki ya pili, kisha ya tatu. Asichokijua ni kwamba katika mifumo mingi kila ombi rasmi huacha alama kwenye historia ya mikopo, na alama nyingi za karibu karibu humfanya aonekane mtu anayetafuta fedha kwa pupa. Kwa kutafuta jibu alijiharibia nafasi, na jibu lenyewe hakulipata.

Marekani ilipitisha sheria ya usawa katika mikopo mwaka 1974. Kabla yake, mwanamke aliyeomba mkopo aliweza kudaiwa saini ya mumewe hata kama kipato chake kilitosha. Moja ya matunda ya sheria hiyo ni kwamba anayekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu mahususi za kukataliwa, na taarifa ya uamuzi inatakiwa itolewe ndani ya siku 30 baada ya ombi kamili kupokelewa. Sababu mahususi ndicho dada yangu anachokiomba. Akiambiwa "akaunti yako haijatimiza mwaka", atasubiri. Akiambiwa kuna deni ambalo si lake, atalifuatilia. Na kama benki ina kadi inayotolewa kwa kuweka amana kama dhamana, huo ndio wakati wa kumtajia. Zipo pia benki zinazomruhusu mtu kupima uwezekano wa kukubaliwa bila kuacha alama yoyote inayoonekana na wakopeshaji wengine. Fanyeni hivyo kila mahali, iwe ni hatua ya kwanza ya kila fomu.

Riba mnayoitangaza nayo si lazima iwe riba atakayopewa aliyeiona. Nchini Uingereza tangazo linaweza kutaja riba wakilishi, yaani riba ya mfano, ilimradi angalau asilimia 51 ya watakaokubaliwa waipate, au iliyo chini yake. Karibu nusu yao wanaweza kupewa ya juu zaidi. Mwombaji hulijua hilo akiwa ameshatoa taarifa zake zote na ameshaachiwa alama. Kuitaja riba yake kamili mapema kungegharimu nini?

Najua mna upande wenu. Wezi wa kadi hawalali, mikopo mingine hailipwi, na mifumo ya kuidhinisha malipo kwa sekunde chache katika nchi yoyote duniani haijiendeshi bure. Kadi imeniokoa pia. Tiketi niliyoinunua kwa kampuni iliyoshindwa kunisafirisha, nilirudishiwa fedha kwa sababu nilipinga muamala kupitia benki, na kama ningelipa taslimu ningekuwa bado nadai. Wala sidai kila ada ifutwe. Ada ya mwaka, kwa mfano, sina ugomvi nayo: inajulikana, inatajwa kwa kiasi, mtu anaamua. Natamani zote zingekuwa kama hiyo.

Historia yenu yenyewe inanifanya niwaandikie ninyi nyote kwa pamoja na si benki pekee. Mwaka 1958 Bank of America ilipoanzisha BankAmericard katika mji wa Fresno, California, kadi ambayo mwaka 1976 ilipewa jina la Visa, iliwapelekea watu kadi ambazo hawakuziomba, kwa posta. Benki nyingine zikaiga. Ilichukua hadi 1970 Marekani kukataza kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Miaka 12 wateja walibeba matokeo ya jambo ambalo yeyote aliyefikiri kidogo angeliona tangu mwanzo.

Kwa hiyo naomba mambo haya mahususi. Mashine iliyoko ng'ambo ionyeshe viwango vyote viwili na nyongeza kwa asilimia, kwa herufi za ukubwa mmoja, na mwenye kadi abonyeze mwenyewe. Benki isitoze ada ya nje juu ya muamala uliokwisha kubadilishwa na mashine. Huko ni kumlipisha mtu mara mbili kwa safari moja ya fedha. Mteja apewe ujumbe kabla ya kuidhinisha malipo yatakayohesabiwa ya nje. ATM, ikisoma kadi ya mkopo, iseme kwa kiasi, si kwa asilimia peke yake, ada itakuwa ngapi na kwamba riba inaanza leo. Taarifa ya mwezi itaje miaka itakayopita kwa kulipa kiwango cha chini. Anayenyimwa kadi aambiwe kwa nini.

Sijaomba mkataba mfupi zaidi. Andikeni kurasa mnazozihitaji. Ninaomba namba moja, kwa wakati wake, mahali ninapoamua.

Risiti na taarifa ya mwezi bado ninazo. Benki yangu inazo pia kwenye kumbukumbu zake, na yeyote kati yenu akitaka kuzipitia mstari kwa mstari, nitakuja nazo.

Ni mimi,
Mwenye kadi